"Mikoani Tunatuma": Tathmini ya Mwaka Mmoja wa Kuagiza Vifaa vya Ushonaji Mtandaoni Nikiwa Sumbawanga

Mimi ni fundi cherehani mjini Sumbawanga, na kwa miaka kumi na minne vifaa vya kazi yangu nimevifuata Mbeya au Dar es Salaam, ama kwa kupanda basi mwenyewe, ama kwa kumwagiza jirani anayesafiri, ambaye mara nyingi hurudi na uzi wa rangi isiyooana na kitambaa nilichompa kama sampuli. Mwezi Novemba 2023 niliamua kujaribu duka moja la mtandaoni lenye stoo yake Kariakoo, linalouza cherehani, mota, nyuzi, sindano na pasi, na ambalo chini ya kila picha ya bidhaa limeandika maneno ambayo kila mnunuzi wa mtandaoni nchini anayafahamu: "Mikoani tunatuma." Katika muda wa mwaka mmoja niliagiza mara nne. Tathmini hii inahusu safari nzima ya mzigo, tangu ninapobonyeza kitufe cha kununua hadi boksi linapofunguliwa juu ya meza yangu ya kukatia. Jina la duka sitalitaja, wala la mabasi yaliyobeba mizigo yangu, kwa sababu wenzangu walioagiza kwingine wamekutana na mambo yaleyale, na nia yangu ni kumsaidia mnunuzi wa mkoani ajue anachokilipia kabla hajalipa.

Nianze na mazuri, kwa kuwa yapo na ni ya kweli. Programu ya duka hili imeandikwa kwa Kiswahili chepesi, na bei ya kila kitu iko wazi, tofauti na wauzaji wengi wa mitandao ya kijamii ambao hukutaka uwafuate pembeni ndipo wakutajie bei kulingana na wanavyokuona. Mota zimewekewa maelezo ambayo fundi anayahitaji: idadi ya wati, ukubwa wa puli (gurudumu dogo linalozungusha mkanda), urefu wa mkanda, na picha ya upande wa nyuma ambako skrubu zinafungwa. Ubora wa bidhaa zenyewe sina malalamiko nao. Uzi haukatiki ovyo, sindano hazipindi, na bei ya koni moja ilikuwa chini ya ile ya madukani kwetu kiasi kwamba hata baada ya kuongeza usafiri bado nilibaki na unafuu. Ukilinganisha na safari ya kwenda Kariakoo, ambako hulipi nauli peke yake bali pia malazi, chakula, na siku nne au tano za cherehani kukaa kimya huku wateja wakisubiri sare za watoto, hesabu ya kuagiza mtandaoni inapendeza sana kwenye karatasi.

Jambo moja kuhusu programu hiyo linahitaji kurekebishwa. Picha zake ni nzito mno, na hakuna namna ya kuzipunguza. Mchana, mtandao unapolemewa hapa mjini, ukurasa mmoja wa mota hufunguka nusu na kusimama, na kila unapoanza upya bando linaendelea kuliwa. Nimejizoeza kuagiza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, wakati watu wengi bado wamelala. Wateja wangu wa bonde la Ziwa Rukwa, kina mama wa Muze na Mtowisa wanaotumia vitochi, hawana hata nafasi hiyo, kwa kuwa duka halipokei oda kwa kupigiwa simu wala kwa menyu ya namba za nyota.

Agizo la kwanza lilikuwa la koni ishirini na nne za uzi wa ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, na paketi kumi za sindano. Nililipa Jumatatu asubuhi, jioni nikatumiwa picha ya risiti ya basi, na Jumatano kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshachukua mzigo wangu kwenye ofisi ya mizigo pale kituo cha mabasi. Nilifurahi mno, na siku hiyohiyo niliwaambia mafundi wenzangu watatu kwamba shida yetu imekwisha. Hata hivyo, haki inanitaka niseme kwamba sehemu kubwa ya sifa hiyo haikuwa ya duka. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma na Laela, na kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku kucha, katazo lililowekwa katika miaka ya 1990, hivyo basi la Sumbawanga lililazimika kulala njiani pamoja na mizigo yake. Kuanzia Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku. Agizo langu la kwanza lilifuata mwezi mmoja tu baadaye, na mwendo ule niliousifia ulitokana na ruhusa hiyo pamoja na lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo sisi tulioishi hapa wakati wa vumbi na matope tunajua thamani yake.

Agizo la pili ndilo lililonifungua macho, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu karibu kila tatizo la kununua mtandaoni ukiwa mkoani lilijitokeza ndani ya boksi lile moja.

Ilikuwa Februari 2024, masika yakiwa yamepamba moto. Niliagiza mota ya kisasa ya ovaloki, ile isiyopiga kelele na isiyokula umeme mwingi, kwa shilingi 185,000, na juu yake nikalipa shilingi 12,000 za kile ambacho programu inakiita "gharama ya usafirishaji". Kwenye fomu ya anwani nilikutana na jambo lililonishangaza. Ukichagua Dar es Salaam, orodha inashuka hadi kata na mtaa, na unaweza hata kuweka alama kwenye ramani. Ukichagua Rukwa, orodha inaishia kwenye jina la mji. Nikatumia nafasi ya maelezo ya ziada kuandika kila kitu: jina la barabara yetu, namba ya nyumba, kata ya Izia, kanisa tunalotazamana nalo, na namba yangu ya simu. Saa chache baadaye nilipotumiwa picha ya boksi, nilikuta lina kipande cha manila kilichobandikwa kwa salotepu, na juu yake, kwa kalamu ya wino mzito, pameandikwa neno SUMBAWANGA na namba ya simu. Maelezo yangu yote yalikuwa yameishia kwenye kompyuta ya duka.

Hili linaniuma kwa sababu anwani tunayo. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni ya Anwani za Makazi jijini Dodoma, kazi ikafanyika nchi nzima kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo, na mtaani kwetu vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiandika namba, zikasimikwa nguzo zenye majina ya barabara, na mwenyekiti wa mtaa akatuhimiza tuzikariri. Kabla ya hapo, kizazi chetu chote hakikuwahi kuletewa hata barua mlangoni; sisi ndio tuliozifuata kwenye masanduku ya Posta. Leo nyumba yangu ina namba, barabara yangu ina jina, na nchi ina postikodi, lakini duka linalouza kwa kompyuta bado linanitambua kwa jina la mji wenye mamia ya maelfu ya watu. Mfumo upo. Kilichokosekana ni mfanyabiashara kuamua kuutumia nje ya Dar es Salaam.

Mzigo haukufika siku ya pili, wala ya tatu. Nilipowapigia duka waliniambia niwaulize watu wa basi, na watu wa basi wakaniambia boksi halimo kwenye orodha ya Sumbawanga. Siku ya tano mchana simu yangu iliita kwa namba nisiyoifahamu, na upande wa pili alikuwa kijana wa ofisi ya mizigo Mbeya.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, wewe ndiye uliyeagiza mota ya cherehani?"

"Marahaba mwanangu, ndiye mimi. Iko wapi?"

"Iko hapa kwetu tangu Ijumaa. Mvua ilinyeshea boksi, tarakimu ya mwisho ya namba yako imefutika. Nimeshapiga kwa watu watatu kabla yako."

Akanieleza kilichotokea. Basi liliharibika Mbeya, abiria wakahamishiwa kwenye gari dogo lisilo na nafasi ya mizigo, na maboksi yakashushwa nje wakati mvua inanyesha. Kijana yule hakuwa ameajiriwa na duka, hakulipwa chochote kwa kunitafuta, na alitumia muda wake wa maongezi kujaribu tarakimu moja baada ya nyingine hadi akanipata. Kama kuna mtu ninayempa nyota tano katika tathmini hii, ni yeye. Ili boksi lipande basi jingine la kuja Sumbawanga nililazimika kulipa shilingi 7,000 zaidi, na siku ya sita jioni, baada ya foleni ndefu ya malori pale Tunduma, mota ikafika.

Nilipowaomba duka wanirudishie zile 7,000, dada wa huduma kwa wateja alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, sisi tukishakabidhi mzigo kwenye basi, kazi yetu imekwisha." Nililisoma jibu lile mara kadhaa, kisha nikarudi kusoma tangazo lao, na hapo ndipo nilipoona kwamba hawakuwa wamenidanganya. Wameandika "tunatuma". Hakuna mahali walipoandika "tunafikisha". Mkazi wa Sinza au Mbagala analetewa mzigo na bodaboda wa duka, anaukagua, ndipo analipa. Mkazi wa Sumbawanga analipa kwanza, mzigo unatupiwa kwenye buti la basi, na kuanzia hapo kila kitu kinachoweza kuharibika kwenye kilomita 1,100 za barabara ni mzigo wake yeye mnunuzi. Ni bidhaa ileile kwa bei ileile, lakini huduma hizi ni mbili tofauti kabisa, na nadhani duka lina wajibu wa kusema hivyo kwa herufi zinazosomeka kabla ya kupokea pesa za mtu.

Masharti ya kurudisha bidhaa yanafuata mkondo huohuo. Duka linatoa siku saba za kurudisha au kubadilisha, na siku hizo zinahesabiwa tangu mzigo unapotoka stoo. Mota yangu ilifika siku ya sita jioni. Usiku ule hatukuwa na umeme, jambo ambalo halimshangazi mtu wa Rukwa, mkoa ambao kwa miaka mingi umepata umeme wake kutoka Zambia badala ya gridi ya Taifa, kwa hiyo nilisubiri. Siku ya saba alasiri, umeme uliporudi, niliifunga mota kwenye mashine na kuona kwamba puli yake ni kubwa kuliko ile iliyoonyeshwa kwenye picha. Mkanda ulikuwa unakazana na kunuka moshi. Nilipiga simu dakika hiyohiyo na kutuma picha. Waliniambia muda umebaki saa tatu na kwamba natakiwa kuurudisha mzigo Kariakoo ndani ya muda huo. Mtu aliyeandika sharti hilo hakuwa na nia mbaya. Aliliandika akimfikiria mteja anayeweza kupanda daladala na kurudi dukani. Baada ya kupiga simu nyingi walikubali kunitumia puli nyingine bila kuilipia, ila usafiri nikalipa mimi, na nawashukuru kwa kiasi hicho. Jumla ya siku ambazo mashine yangu ya ovaloki ilikaa bila kazi ni kumi na tatu.

Agizo la tatu lilikwama kabla hata ya kufika barabarani. Ilikuwa wiki iliyoanza Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, siku ambayo nyaya mbili za intaneti zilizo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika na kuvuruga mawasiliano katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Sikujua habari hiyo nilipokuwa naagiza vitambaa vya bitana asubuhi ya Jumatatu. Programu ilifunguka kwa shida, nikathibitisha malipo kwa namba ya siri, na ujumbe wa kampuni ya simu ukaja kwamba shilingi 96,000 zimetoka. Kwenye programu ya duka, agizo likabaki limeandikwa "inasubiri malipo". Nikajaribu kuifungua tena, ikagoma kabisa.

Ilichukua siku tano pesa kurudi, na katika siku hizo dada yule wa huduma kwa wateja alinieleza kitu ambacho naona kila mnunuzi anapaswa kukijua. Malipo ya simu yalipita vizuri, kwa sababu mfumo wake uko hapahapa nchini. Tumezoea kutumiana pesa kwa simu tangu mwaka 2008, na hata tozo za mwaka 2021, zilizolalamikiwa hadi zikapunguzwa, hazikutuondoa kwenye mazoea hayo. Kilichoshindikana ni duka kupata taarifa kwamba nimelipa, kwa sababu kumbukumbu zote za duka, kuanzia picha hadi orodha ya wateja, zimehifadhiwa kwenye kompyuta zilizoko nje ya nchi. Mimi niko Sumbawanga, vitambaa viko Kariakoo, mkongo wa Taifa wa mawasiliano unatuunganisha sote wawili, na bado ombi langu lililazimika kuvuka bahari na kurudi ndipo mtu wa stoo alione. Nyaya zikikatika, duka linafungwa hata kama mwenye duka amekaa kaunta. Simlaumu kwa kukatika kwa nyaya. Namlaumu kwa kutokuwa na namba ya simu ya kawaida ambayo siku kama ile mteja angepiga, akasoma kumbukumbu ya muamala wake, na agizo likaandikwa kwenye daftari.

Nimejiuliza kwa nini wauzaji wenye bidhaa nzuri na adabu nzuri wanatuachia sisi sehemu ngumu ya safari, na jibu ninaloliona ni la gharama. Wenye mitaji mikubwa wamejaribu na wameumia. Jumia, iliyoanzia Lagos mwaka 2012 na kuingia katika Soko la Hisa la New York Aprili 2019, ilifunga biashara yake Tanzania Novemba ya mwaka huohuo. Kwa jirani zetu Kenya, kampuni ya Copia iliyoanzishwa mwaka 2013 ilikuwa na wazo ambalo kwangu mimi ni zuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia: mwanakijiji haagizi akiwa peke yake na simu yake, bali anakwenda kwa wakala wa kijijini, mwenye duka anayemfahamu, anaagizia pale, na mzigo unaletwa palepale. Tatizo la anwani linaondoka, kwa kuwa kila mtu anajua duka la wakala lilipo, na tatizo la simu ya kitochi linaondoka pia. Lakini kuendesha magari hadi vijijini kwa mizigo midogomidogo ya sabuni na mchele ni ghali, na Mei 2024 kampuni hiyo iliishiwa mtaji na kukabidhiwa kwa wasimamizi. Kwa hiyo ninapodai huduma bora sidai kwamba duka la Kariakoo linunue malori.

Ninachodai ni kidogo zaidi na kiko ndani ya uwezo wao. Mabasi yanafika hapa kila siku. Hayo tayari ni magari yao, hawahitaji mengine. Wanachohitaji ni mtu mmoja katika kila mji mkuu wa mkoa, hata akiwa wakala wa pesa za simu mwenye kibanda jirani na kituo cha mabasi, ambaye mzigo utaandikwa kwa jina lake, ataupokea kutoka kwenye basi, atampigia mnunuzi, ataufungua mbele yake, na bidhaa ikiwa na kasoro ataipokea irudi kwa basi la kesho yake. Kwa hapa mtu wa namna hiyo angelipwa shilingi elfu mbili au tatu kwa kila mzigo, na mimi ningeiongeza kwenye bei kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa ni pungufu ya zile 7,000 nilizolipa Mbeya, na ni pungufu sana ya siku kumi na tatu za mashine kusimama. Siku saba za kurudisha bidhaa zingehesabiwa tangu wakala anaponikabidhi mzigo. Na kipande cha manila kingechapishwa badala ya kuandikwa kwa wino, kikafunikwa na nailoni, kikawa na namba mbili za simu, jina la mpokeaji, barabara na namba ya nyumba. Mashine ya kuchapa lebo wanaiuza wao wenyewe. Nimeiona kwenye programu yao.

Nimewaandikia mapendekezo hayo mara mbili. Mara ya kwanza sikujibiwa. Mara ya pili walinijibu kwamba wameyapokea na wanayafanyia kazi, na tangu hapo nimeona badiliko moja: sasa mnunuzi anaweza kuweka namba ya pili ya simu, na inaandikwa kwenye boksi. Ni hatua, na naiheshimu.

Agizo la nne, pasi ya mvuke ya Novemba 2024, lilifika salama kwa siku mbili, lakini lilifika kwa sababu nilishajifunza kufanya kazi ambayo ni ya duka. Niliwaomba wanipigie picha ya boksi pande zote nne kabla halijatoka. Niliwasisitizia wafunge nailoni. Niliomba jina la basi, namba zake za usajili na simu ya kondakta, nikampigia kondakta akiwa Mbeya na tena akiwa Laela, na basi lilipoingia kituoni nilikuwa nimesimama pale mlangoni pa buti. Pasi yenyewe ni nzuri sana. Inapasha haraka, haidondoshi maji kwenye kitambaa, na kola za mashati ya harusi sasa zinatoka zimenyooka kama za dukani.

Kwa bidhaa naipa biashara hii nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa lugha na adabu ya wahudumu, nyota nne. Kwa usafirishaji wa mikoani, nyota mbili. Na kwa masharti ya kurudisha bidhaa, nyota moja. Nitaendelea kununua kwao nyuzi, sindano na vitu ambavyo haviwezi kukosea kipimo. Mota, vichwa vya mashine na kitu chochote chenye puli au mkanda nitaendelea kuvifuata mwenyewe Mbeya hadi hapo watakapokuwa na mtu wao Sumbawanga. Fundi mwenzangu anayeishi kwenye mji wenye lami na basi la moja kwa moja anaweza kuwajaribu, ila asiagize vitu vizito kati ya Januari na Aprili, na asilipe bila kwanza kupata kwa maandishi jibu la swali moja: mzigo ukishushwa njiani, nani analipa nauli ya kuufikisha?

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja kutoka Mtowisa, mama anayeshona nguo za shule kwa cherehani ya miguu, aliiona pasi yangu ya mvuke akaipenda, akaniomba nimwagizie ya mkaa iliyo bora pamoja na mkasi mkubwa wa kukatia, kwa kuwa kwake hakuna umeme wa kutegemea na simu yake haifungui programu. Alitoa pesa kamili pamoja na ya usafiri. Nilimhesabia mbele yake, nikaiandika kwenye daftari langu la wateja, na nikamwambia ukweli kwamba hadi kwangu mzigo utafika, lakini barabara ya kushuka bondeni kwa mvua hizi hakuna gari litakalokubali kubeba boksi lisilo na mwenyewe, kwa hiyo vitu vyake vitakaa kwangu hadi atakapopanda tena mjini. Akasema hakuna neno, atakuja mwezi wa tano.